Uwanja wa Emirates: Nyumba iliyoigharimu Arsenal miaka 9

Kaskazini mwa jiji la London, katika kipande cha ardhi chenye umbo la pembetatu kilichobanwa na njia za reli, umesimama uwanja wa soka wenye viti zaidi ya 60,000. Jina lake linafahamika Mombasa, Kigoma, Kampala na Muscat kama linavyofahamika katika mitaa ya Islington inayouzunguka. Huo ni Uwanja wa Emirates, makao ya klabu ya Arsenal tangu mwaka 2006.

Uwanja huo ulijengwa kwa lengo moja kubwa: kuiwezesha Arsenal kupata fedha za kushindana na vigogo wa Uingereza na wa bara la Ulaya. Lakini deni la ujenzi lililipwa kwa njia nyingi. Wachezaji mahiri waliuzwa, bei za tiketi zikapanda, na klabu iliyokuwa imezoea vikombe ikakaa miaka 9 bila kutwaa hata kimoja. Kisa cha uwanja huu kinaonyesha faida ya klabu kujijengea nyumba yake, na pia machungu yake.

Kutoka kiwanda cha silaha

Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, kusini-mashariki mwa London. Mwanzoni iliitwa Dial Square, jina la sehemu mojawapo ya kiwanda hicho, na katika mechi yake ya kwanza, tarehe 11 Desemba 1886, iliifunga Eastern Wanderers mabao 6-0. Asili hiyo ndiyo iliyoipatia klabu nembo ya mzinga na lakabu ya Washika Bunduki. Mwaka 1893 ilikuwa klabu ya kwanza ya kusini mwa England kukubaliwa katika Ligi ya Soka.

Woolwich, hata hivyo, ilikuwa mbali na katikati ya jiji na watazamaji walikuwa wachache. Mwaka 1913 mwenyekiti Henry Norris aliihamishia klabu ng'ambo ya mto Thames, katika mtaa wa Highbury. Kwa hiyo uhamisho wa mwaka 2006 haukuwa wa kwanza. Tangu zamani, Arsenal ni klabu iliyofuata watu na mapato.

Highbury ilijijengea heshima katika miaka ya 1930, chini ya meneja Herbert Chapman na warithi wake. Mwaka 1932 kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichokuwa kikiitwa Gillespie Road kilipewa jina la Arsenal. Katika muongo huo huo yalijengwa majukwaa mawili ya magharibi na mashariki, ambayo kwa uzuri wake yalihesabiwa miongoni mwa majengo ya kupendeza kabisa katika soka ya England. Tarehe 9 Machi 1935, watu 73,295 waliingia Highbury kuitazama Arsenal ikicheza na Sunderland. Idadi hiyo haikufikiwa tena uwanjani hapo.

Uwanja wapungua

Tarehe 15 Aprili 1989, msongamano katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, ulisababisha vifo vya mashabiki wa Liverpool ambao idadi yao ilifikia 97. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Taylor ulipendekeza kwamba viwanja vya klabu kubwa viwe na viti kwa watazamaji wote, na kwamba desturi ya kusimama kwenye ngazi za saruji ikomeshwe.

Kwa Arsenal, usalama huo ulikuja na gharama. Jukwaa la kaskazini, ambako mashabiki walikuwa wakisimama kwa maelfu, lilibomolewa mwaka 1992 na jingine la viti likajengwa mahali pake. Kazi ilipokamilika, Highbury ilikuwa na nafasi ya watu wapatao 38,000 tu. Wakati huo Manchester United, mpinzani wake mkuu, ilikuwa ikiupanua uwanja wake wa Old Trafford, ambao kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa ukipokea watu zaidi ya 67,000. Kila mechi ya nyumbani ilikuwa ikizidisha pengo la mapato kati ya klabu hizo mbili.

Kuupanua uwanja wa Highbury kulikuwa na vikwazo. Ulizungukwa na nyumba za watu pande zote, na jukwaa la mashariki lilikuwa limeorodheshwa na serikali kuwa jengo la kihistoria lisiloruhusiwa kubomolewa.

Klabu ilijaribu njia ya muda. Katika misimu ya 1998/99 na 1999/2000, mechi zake za nyumbani za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya zilichezwa katika uwanja wa taifa wa Wembley. Watu walijaa: dhidi ya Lens ya Ufaransa, Novemba 1998, walikuwapo 73,707. Matokeo yalikuwa kinyume cha matumaini. Katika mechi 6 za Wembley, Arsenal ilishinda 2, ikatoka sare 1 na kufungwa 3, na katika misimu yote miwili ilitolewa kwenye hatua ya makundi. Hata hivyo jambo moja lilithibitika: watu wa kujaza uwanja mkubwa walikuwapo.

Eneo la takataka

Eneo lililopatikana lilikuwa Ashburton Grove, umbali wa mita zipatazo 500 tu kutoka Highbury. Lilikuwa eneo la viwanda vidogo na karakana, pamoja na kituo cha kukusanyia takataka cha halmashauri ya Islington. Faida yake ilikuwa kubwa. Klabu ingebaki mtaani kwake, na shabiki angeendelea kushukia kituo kile kile cha treni.

Ugumu nao haukuwa mdogo. Ardhi ilikuwa na wamiliki wengi, na wenye biashara walitakiwa kuhama, baadhi yao bila kupenda. Kituo cha takataka kilibidi kijengwe upya mahali pengine. Wakazi walihofia kelele, msongamano na takataka za siku za mechi, wakaupinga mpango huo. Desemba 2001 madiwani wa Islington waliupitisha, kwa makubaliano kwamba klabu ingechangia ujenzi wa nyumba mpya za makazi na huduma za jamii katika eneo hilo. Hivyo mradi wa uwanja ukageuka kuwa mradi wa kuujenga upya mtaa mzima.

Kisha ikaja shida ya fedha. Kazi ilichelewa hadi Februari 2004, klabu ilipotangaza kuwa imepata mkopo wa pauni milioni 260 kutoka kwa kundi la benki. Gharama yote ya mradi ilikadiriwa kuwa pauni milioni 390. Meneja Arsene Wenger alieleza baadaye kwamba benki hizo zilitaka hakikisho kuwa yeye mwenyewe angebaki klabuni kwa miaka 5, kwani imani yao kwamba deni lingelipwa ilitegemea timu kuendelea kufanya vizuri.

Jina lauzwa

Oktoba 2004 Arsenal ilitia saini mkataba na shirika la ndege la Emirates la Dubai. Kwa pauni milioni 100, shirika hilo lilipewa haki ya kuuita uwanja kwa jina lake kwa miaka 15, na ya kuweka nembo yake kwenye jezi za timu kwa miaka 8 kuanzia msimu wa 2006/07. Wakati huo hakuna klabu ya England iliyokuwa imepata mkataba mkubwa kama huo. Novemba 2012 makubaliano hayo yaliongezwa, na haki ya jina la uwanja ikasogezwa hadi mwaka 2028.

Wapo mashabiki waliokataa kulitamka jina hilo na wakaendelea kusema Ashburton Grove. Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, nalo haliruhusu majina ya wadhamini wasiohusika na mashindano yake, kwa hiyo usiku wa mechi za Ulaya uwanja huitwa Arsenal Stadium. Lakini miaka ilivyopita, jina la Emirates lilizoeleka kiasi kwamba vijana wengi hawajui lingine.

Kwaheri Highbury

Ujenzi ulianza wakati timu ikiwa kileleni. Katika msimu wa 2003/04 Arsenal ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu bila kufungwa, ikishinda mechi 26 na kutoka sare 12. Katika kikosi hicho walikuwamo Waafrika watatu: Nwankwo Kanu wa Nigeria, Lauren wa Cameroon na Kolo Toure wa Ivory Coast. Mfululizo wa kutofungwa katika ligi ulifikia mechi 49 kabla ya kukatizwa na Manchester United, Oktoba 2004.

Mechi ya mwisho ya Highbury ilichezwa tarehe 7 Mei 2006. Arsenal iliifunga Wigan 4-2, na Thierry Henry alifunga mabao matatu. Baada ya bao lake la mwisho alipiga magoti na kuibusu ardhi. Siku kumi baadaye, mjini Paris, timu hiyo ilifungwa na Barcelona 2-1 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Highbury haikutoweka yote. Kuta za nje za majukwaa ya kihistoria zilihifadhiwa, ndani yake na pembeni zikajengwa nyumba za kuishi zaidi ya 650, na sehemu ya kuchezea ikafanywa bustani. Fedha za kuuza nyumba hizo zilitarajiwa kupunguza deni. Msukosuko wa uchumi wa dunia wa mwaka 2008 uliitia klabu wasiwasi kuhusu mauzo, lakini kufikia mwaka 2010 mkopo uliohusu nyumba hizo ulikuwa umekwisha kulipwa.

Uwanja wenyewe

Uwanja mpya ulibuniwa na kampuni ya wasanifu ya HOK Sport, ambayo sasa inaitwa Populous, na kujengwa na kampuni ya Sir Robert McAlpine. Una umbo la bakuli lenye ngazi nne za viti. Paa lake limeinama kuelekea ndani, na sehemu yake moja hupitisha mwanga ili nyasi zipate jua. Sehemu ya kuchezea ina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, kubwa kuliko ile ya Highbury.

Siri ya kiuchumi ya uwanja imo katika ngazi za katikati. Huko kuna viti vya gharama ya juu vipatavyo 7,000 pamoja na vyumba maalumu 150, ambamo makampuni na matajiri hutazama mechi huku wakihudumiwa chakula. Watu hao ni wachache kati ya watazamaji wote, lakini fedha wanazolipa ni sehemu kubwa ya mapato ya siku ya mechi.

Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 22 Julai 2006, kumuaga mshambuliaji Dennis Bergkamp, na Arsenal ikaifunga Ajax ya Uholanzi 2-1. Mechi ya kwanza ya ligi, tarehe 19 Agosti, ilikwisha kwa sare ya 1-1 na Aston Villa. Bao la kwanza la ligi uwanjani hapo lilifungwa na mgeni, Olof Mellberg wa Villa, na Gilberto Silva akasawazisha. Oktoba mwaka huo Mwanamfalme Philip aliufungua uwanja rasmi, kwa kuwa Malkia Elizabeth alikuwa akisumbuliwa na mgongo.

Fedha zilionekana mara moja. Katika msimu wa mwisho wa Highbury, mapato ya siku za mechi yalikuwa pauni milioni 44 hivi. Katika msimu wa kwanza wa Emirates yalizidi milioni 90.

Miaka ya ukame

Kama mapato yaliongezeka maradufu, kwa nini vikombe vilikauka? Jibu la kwanza ni deni. Sehemu ya fedha mpya ilikwenda kulipa mkopo na riba, na masharti ya mkopo yaliitaka klabu iwe na akiba ya kutosha. Kushiriki Ligi ya Mabingwa kila mwaka likawa jambo la lazima kwa hesabu za klabu, na nafasi ya nne katika ligi ikapewa thamani ambayo mashabiki wengi hawakuikubali.

Jibu la pili ni kwamba dunia ilibadilika wakati saruji ikikauka. Arsenal ilipanga kushindana kwa mapato ya milangoni. Lakini mwaka 2003 tajiri wa Urusi, Roman Abramovich, aliinunua Chelsea, na mwaka 2008 Manchester City ikachukuliwa na wamiliki kutoka Abu Dhabi. Klabu hizo hazikusubiri tiketi ziuzwe ndipo zinunue wachezaji. Mikataba ya televisheni nayo ikakua kwa kasi hadi mapato ya milangoni yakawa sehemu ndogo kuliko ilivyodhaniwa wakati uwanja ulipobuniwa.

Ndipo wachezaji wakaanza kuondoka. Henry alikwenda Barcelona mwaka 2007. Emmanuel Adebayor na Kolo Toure walihamia Manchester City mwaka 2009. Mwaka 2011 nahodha Cesc Fabregas alirejea Barcelona na Samir Nasri akaenda Manchester City. Mwaka 2012 iliwauma mashabiki zaidi, pale Robin van Persie alipouzwa kwa Manchester United. Msimu uliofuata alifunga mabao 26 ya ligi na kuipa United ubingwa.

Wenger aliwategemea vijana. Walicheza soka ya kuvutia, lakini walifungwa katika fainali za Kombe la Ligi za mwaka 2007 na 2011. Uwanjani Emirates zilikuwapo siku za fahari, kama ile ya tarehe 16 Februari 2011 Arsenal ilipoifunga Barcelona 2-1 kwa mabao ya Van Persie na Andrey Arshavin. Lakini mechi ya marudiano ilipotea, na kabati la vikombe likabaki bila nyongeza.

Tangu Kombe la FA la mwaka 2005, ilibidi kusubiri hadi Mei 2014, Arsenal ilipotoka nyuma kwa mabao 2-0 na kuifunga Hull City 3-2 katika fainali ya kombe hilo hilo. Miezi kadhaa kabla, Septemba 2013, klabu ilikuwa imemnunua Mesut Ozil kutoka Real Madrid kwa pauni milioni 42.5, ishara kwamba mzigo wa deni ulikuwa umepungua. Kombe la FA lilipatikana tena mwaka 2015, 2017 na 2020.

Wapo wanaosema miaka hiyo ndiyo iliyomchosha Wenger, aliyeondoka mwaka 2018 baada ya miaka 22. Wapo pia wanaosema ndiyo miaka aliyofanya kazi yake ngumu kuliko zote, kwa kuwa aliiingiza timu katika Ligi ya Mabingwa kila msimu huku akilipa deni la nyumba. Julai 2023 sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja huo.

Bei na ukimya

Lawama nyingine ilihusu bei. Katika msimu wa 2014/15, tiketi ya msimu ya bei ya chini kabisa ilikuwa pauni 1,014, ingawa ilijumuisha baadhi ya mechi za vikombe. Januari 2013, klabu ya Manchester City ilirudisha tiketi zaidi ya 900 kati ya 3,000 ilizopewa, baada ya mashabiki wake kugoma kulipa pauni 62 kila mmoja. Tukio hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyochochea kampeni ya kupunguza bei kwa mashabiki wa timu ngeni, na kuanzia msimu wa 2016/17 Ligi Kuu iliweka kikomo cha pauni 30.

Mashabiki walilalamika pia kwamba uwanja ulikuwa mzuri lakini hauna roho. Highbury ilikuwa ikiitwa maktaba kwa ukimya wake, na sasa waliona maktaba imekuwa kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2009 klabu iliamua kuupa uwanja sura ya nyumbani. Kuta za nje zilipambwa kwa picha kubwa za wachezaji 32 wa enzi mbalimbali wakiwa wamekumbatiana, na migongo yao ikiwaelekea watazamaji. Saa maarufu ya Highbury iliwekwa nje, na ya mfano wake ikawekwa ndani. Desemba 2011, klabu ilipotimiza miaka 125, zilizinduliwa sanamu za Chapman, Tony Adams na Henry.

Madaraja mawili ya kuvuka reli kuingia uwanjani yana majina ya Danny Fiszman, mkurugenzi aliyeusukuma mradi huo kwa nguvu, na Ken Friar, aliyeitumikia klabu kwa miongo mingi.

Mashabiki wa mbali

Kwa Waafrika Mashariki, Arsenal si habari ya mbali. Kanu, aliyejiunga nayo mwaka 1999, na Waafrika waliomfuata waliwavuta vijana wengi kuelekea klabu hiyo katika miaka ambayo televisheni za kulipia zilikuwa zikiingia mijini. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani wa Kenya aliyefariki dunia Oktoba 2025, alijulikana hadharani kuwa shabiki wake, na Rais Paul Kagame wa Rwanda naye pia. Januari 2023, polisi mjini Jinja, Uganda, waliwakamata mashabiki kadhaa wa Arsenal waliokuwa wakisherehekea barabarani ushindi wa 3-2 dhidi ya Manchester United, kwa madai kwamba hawakuwa na kibali.

Mapenzi hayo yaligusa siasa pia. Mei 2018 Rwanda iliingia mkataba wa kutangaza utalii wake kwenye mkono wa jezi ya Arsenal na uwanjani Emirates. Serikali mjini Kigali ilisema mkataba huo unaleta watalii na wawekezaji. Wakosoaji walihoji matumizi hayo kwa nchi inayopokea misaada, na mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliitaka klabu iuvunje, kwa sababu ya vita vya mashariki mwa nchi hiyo. Novemba 2025 ilitangazwa kwamba ushirikiano huo ungefikia kikomo mwishoni mwa msimu wa 2025/26.

Upo ulinganisho mwingine ulio karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya Emirates, Dar es Salaam ilipata uwanja wa taifa wenye viti 60,000, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Simba na Yanga zimecheza hapo mechi kubwa zinazojaza watu kama wale wa London. Tofauti ni kwamba uwanja wa Dar es Salaam ulijengwa na serikali kwa msaada wa China, na ni mali ya taifa. Arsenal ilibeba deni na machungu yake, lakini kiti kikiuzwa, fedha ni yake. Azam FC, yenye uwanja wake Chamazi, ni miongoni mwa klabu chache za ukanda huu zilizochagua njia ya kumiliki.

Deni lafutwa, swali labaki

Mwaka 2020 wamiliki wa klabu, kampuni ya Mmarekani Stan Kroenke, walilipa deni lililosalia la uwanja na kulihamishia kwao, hatua iliyoiondolea klabu masharti ya wakopeshaji wa nje. Ulikuwa mwaka wa janga la korona, viti vyote vikiwa vitupu. Desemba 3 mwaka huo watu 2,000 waliruhusiwa kuingia kutazama mechi na Rapid Vienna. Aprili 2021, maelfu ya mashabiki walikusanyika nje ya uwanja huo kumpinga Kroenke, baada ya Arsenal kujiunga na mpango wa ligi mpya ya vigogo wa Ulaya uliovunjika ndani ya siku chache.

Kisha uwanja ukapata uhai. Chini ya meneja Mikel Arteta, Arsenal ilishika nafasi ya pili katika Ligi Kuu misimu mitatu mfululizo, kutoka 2022/23 hadi 2024/25. Tarehe 8 Aprili 2025 iliifunga Real Madrid 3-0 hapo Emirates, Declan Rice akifunga mabao mawili kwa mipira ya adhabu. Malalamiko ya ukimya yalipungua. Katika msimu wa 2023/24 mapato ya siku za mechi yalizidi pauni milioni 100.

Badiliko ambalo wajenzi wa mwaka 2004 hawakuliweka katika hesabu zao ni soka ya wanawake. Tarehe 17 Februari 2024, watu 60,160 waliitazama timu ya wanawake ya Arsenal ikicheza na Manchester United. Idadi hiyo iliweka rekodi katika ligi ya wanawake ya England, na ni pungufu ya mtu mmoja tu kulinganisha na 60,161 walioishuhudia timu ya wanaume dhidi ya Manchester United hiyo hiyo Novemba 2007. Mei 2025 wanawake hao walitwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mjini Lisbon kwa kuifunga Barcelona 1-0, na kuanzia msimu wa 2025/26 mechi zao zote za ligi za nyumbani zilipangiwa Emirates.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Arsenal ilichuma juani kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajia. Kati ya mwaka 2006 na 2025, timu ya wanaume haikuleta ubingwa hata mmoja wa Ligi Kuu katika nyumba hiyo, na mashabiki waliokuwa watoto siku Henry alipoibusu ardhi ya Highbury wakawa watu wazima. Lakini klabu nyingine za England zilizohamia viwanja vikubwa, au zinazotafuta ardhi ya kujenga, zimelazimika kupiga hesabu zile zile: watu wangapi wataingia, watalipa kiasi gani, na timu itavumilia miaka mingapi kabla ya kivuli kufika.